Mguu wa Breki

Kama unasoma hii ukiwa umekaa kwa benchi ya hospitali, na mgongo unakuuma mpaka umekalia tako moja, songa kidogo tukae wawili. Hiyo benchi naijua. Najua hata mahali msumari umetokeza. Sitakueleza vile ugonjwa unaingia kwa damu, hiyo uliza wenye makoti meupe. Mimi nitakuambia tu vile nilikaa nao na vile tuliachana, ndio usifikirie ni wewe peke yako unatembea kama mzee na ndevu bado hazijatoka.

Naitwa Langat. Kwetu ni upande wa Mogogosiek, juu kidogo ya kiwanda cha majani. Nilimaliza darasa la nane, karo ya sekondari ikakataa kuonekana, nikarudi kuchuna chai kwa shamba yetu. Halafu nikapata bahati, na hiyo bahati ilikuwa inaitwa Momanyi.

Momanyi ni Mkisii aliyekaa kwetu mpaka anakohoa kwa Kikipsigis. Kazi yake ni kupandisha ng'ombe. Sio na fahali. Mbegu anaibeba kwa mtungi wa baridi uliofungwa nyuma ya pikipiki ya sosaiti ya maziwa, na anaiweka na mrija. Mwaka huo macho yake yakaanza kuingia ukungu. Akaangukia mashimo, mtungi ukaponea kidogo tu. Wakubwa wa sosaiti wakasema atafutiwe dereva wa kumbeba yeye na mtungi wake, na huyo dereva awe tayari kabla ya mvua ya vuli. Mwenyekiti alikuwa na mpwa wake tayari amenyoa. Lakini Momanyi akawaambia, "Mimi ndiye nitakaa nyuma. Mimi ndiye nitachagua."

Akasema nijaribu mimi. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa namchekesha, na pia nilikuwa namsaidia kuvuta ndama wakati ng'ombe ameshindwa kuzaa. Mikono mitupu, mpaka kwa kiwiko, halafu nanawa na majani ya mgomba na tunaenda kunywa maziwa.

Somo lake la kwanza halikuwa kuenda. Lilikuwa kusimama. Alisema kuenda hata mbuzi anaweza.

"Klachi ni mkono wa kushoto," akanifundisha, pikipiki ikiwa imezimwa. "Usiiachilie kama imekuchoma. Toa pole pole, vile unatoa mkono chini ya kichwa ya mtoto amelala."

"Mzee, mimi sina mtoto."

"Ukiachilia hivyo unaachilia, hutafika umri ya kupata."

Breki ya mbele ni mkono wa kulia, vidole viwili tu. Breki ya nyuma ni mguu wa kulia. Kwa matope, mguu unaanza, vidole vinasaidia, na ukiwa umelalia kona hushiki ya mbele hata ukiona simba. Na usiteremke mlima ukiwa umeweka nyutro. Vijana wetu wote wanapenda hiyo, wanasema wanaokoa petroli. Momanyi alikuwa anasema ukiweka nyutro injini imekuacha, uko wewe na mlima, na mlima ni mzito kukushinda.

Nilishika haraka. Kufika wakati wa kupalilia mahindi mara ya pili, nilikuwa nateremka mpaka kiwandani na gia ya pili, na watoto wananikimbilia nyuma wakiniita daktari.

Halafu jioni moja nikasikia baridi. Sio baridi ya kawaida ya kwetu, ile inaingia na ukungu. Hii ilianza ndani. Nikatetemeka, nikalala, asubuhi nikaamka shuka imelowa kama imefuliwa, na mimi mzima kabisa, njaa tele. Jioni ikarudi. Ikafanya hivyo mpaka nikaanza kuiandalia kiti.

Kila mtu alijua ni nini. Ni upepo wa pikipiki. Mama alisema upepo umeingia kwa mifupa. Kogo, nyanya yangu mzaa baba, akasema pikipiki ni moto wa miguu miwili, na hakuna mtu anakalia moto na aishi. Nikaanza kupanda nikiwa nimeweka karatasi ya gazeti kifuani chini ya sweta. Kifua kikapona, lakini kifua hakikuwa kinauma. Kulikuwa kunauma nyonga ya kulia, huko nyuma mahali mguu unaungana na mgongo.

Siku moja nateremka kwa kiwanda, Momanyi na mtungi wakiwa nyuma, trekta ya majani ikatokea kwa kona. Nikaambia mguu wa kulia, kanyaga. Mguu ukanyamaza. Sio ati ulikanyaga kidogo. Ulinyamaza kama mtu ameitwa kanisani atoe ushuhuda. Nikashtuka, nikashika breki ya mbele na kiganja chote, kwa matope, kwa kona, yaani kila kitu nilikatazwa nilifanya mara moja. Nikaingia kwa chai ya watu.

Wamama waliokuwa wanachuna hapo wakaja kuniangalia. Mmoja akasema, "Wewe, hapa tunachuna majani mawili na chipukizi. Pikipiki hatujaitisha."

Momanyi hakunigombeza. Alishika mtungi akasikiliza kama uko sawa, akashika mimi pia vilevile. "Kwa nini hukukanyaga?"

"Nilikanyaga. Mguu ndio haukukanyaga."

Akaniambia nirudishe ufunguo kwanza, nitibiwe.

Basi nikatibiwa malaria. Nilimeza dawa ya malaria mpaka mbu wakaanza kunipisha njiani. Ikakosa kusaidia, nikatibiwa homa ya matumbo. Mahindi yakafika kiunoni, yakafika kichwani, mimi narudi chini. Suruali nilikuwa nafunga na kamba ya katani. Gambuti za kuvaa kwa chai zikanishinda kuinua, nikawa navaa malapa kwa baridi ya Julai. Jasho langu likawa na harufu ya majani yaliyolala kwa gunia. Kutoka kitandani nilikuwa nageuka kama gogo, nateremsha mguu wa kushoto, halafu nashika wa kulia na mikono miwili nauteremsha kama mgeni. Na kuna mahali pengine palivimba. Hapo sitataja, mama anaweza kusomewa hii.

Yule mpwa wa mwenyekiti akaanza kuonekana kwa sosaiti. Anapanguza pikipiki.

Mwishowe mama akauza kuku na tukaenda kituo cha afya, kile kikubwa. Tulienda na pikapu ya maziwa, mimi nimekaa katikati ya mitungi, na kila shimo nilikuwa nalijua kwa jina. Tukakaa kwa benchi. Mbele yetu alikuwa mzee anauliza kila mtu anaumwa nini, halafu anamwambia huyo ni nani alikufa na hiyo. Nilimwambia mimi nimekuja kutembelea tu.

Daktari alikuwa kijana, kalamu tatu kwa mfuko. Akaniuliza, nikajibu. Nyonga, mgongo, homa ya jioni.

"Mahali pengine?"

"Hapana."

Mama alikuwa hapo kando na kikapu. Daktari akamwangalia, akaniangalia, akasema, "Mama, niulizie sista kama kadi ya huyu iko tayari." Mama akatoka. "Haya. Sasa niambie."

Nikamwambia.

Hakucheka. Ningekuwa yeye ningecheka. Akauliza kama nakunywa maziwa bila kuchemsha. Nikamwambia mimi ni Mkipsigis. Akauliza kama nashika ng'ombe wakizaa. Nikamwonyesha kwa kiwiko. Akaandika karatasi ya damu, tukarudi kwa benchi, na mchana jibu likatoka. Brusela. Ugonjwa wa ng'ombe, akasema, umepita kwa maziwa ama kwa mikono yangu, ama kwa zote. Dawa ni sindano kila asubuhi kwa muda mrefu, na tembe hata baada ya sindano kuisha, na mtu asiache katikati ati amesikia nafuu. Na tembe zisimezwe na maziwa.

Wewe unayengoja kwa benchi, ukiulizwa mahali pengine, sema. Aibu ni ya dakika moja. Mimi niliikalia tangu kupalilia mpaka mahindi yanatoa nywele.

Nilifikiri nimemaliza shida. Kumbe shida ilikuwa inaningoja nyumbani, imekaa kwa kigoda karibu na moto.

"Maziwa yangu," Kogo alisema. "Maziwa yangu imelea baba yako. Imelea wewe. Hata huyo mhubiri anakula hapa kila Jumapili, imemlea tumbo yake. Leo ndio imekuwa sumu?"

"Si sumu, Kogo. Ichemshwe tu."

"Nichemshe?" Akageukia mama. "Unasikia mtoto yako? Anataka ng'ombe ikauke."

Kwa Kogo, na kwa wazee wengi wa kwetu, maziwa ukiyapiga moto, chuchu za ng'ombe zinasikia huo moto huko zilipo. Zinapasuka, ng'ombe anakauka. Na ng'ombe mwenyewe alikuwa wake. Mursik ya hiyo nyumba, yale maziwa ya kulala kwa kibuyu mpaka yagande, ilitoka kwa mikono yake, na kibuyu chake kilikuwa kimesifiwa kwa harusi nyingi. Kumwambia hiyo kitu imenilaza ilikuwa kama kumwambia hajui kuzaa. Mama alisimama katikati na kijiko. Baba alikuwa anafanya kazi Kericho kwa mashamba makubwa ya chai, na alipokuja mwisho wa mwezi akasikia hiyo kesi, akakumbuka kuna mtu anamdai salamu huko sokoni.

Kwa hivyo mama akawa anaiba maziwa kwa nyumba yake mwenyewe. Jioni anaweka kidogo kwa kopo, anafunika na leso, anasema anaenda kuomba chumvi kwa jirani. Anachemsha huko, anarudi. Tulikuwa nyumba inaomba chumvi kuliko zote huku kwetu Konoin.

Asubuhi nilikuwa naenda sindano. Dereva wa pikapu ya maziwa alikuwa ananipita njiani, ananiweka nyuma na ile mitungi. Nilikuwa naiangalia nayo inaniangalia. Sista wa sindano alikuwa mama mnene, mpole, na mikono ya baridi.

"Lala. Leo ni upande gani?"

"Sista, pande zote zimekuwa kichungi cha chai. Tafuta mahali bado kuna nyama."

"Nyama utaleta wewe. Mimi naleta sindano."

Ananipanguza, ananipiga kofi kidogo hapo kando ndio nisijue sindano imeingia wakati gani. Hiyo kofi ilikuwa ya huruma. Mpaka leo naikumbuka kuliko sindano. Kuna siku masikio yalikuwa yanalia kama nzige, kuna siku ukuta ulikuwa unasogea kidogo. Akinishusha kitandani alikuwa ananishika mkono mpaka mlangoni bila kusema ananishika.

Homa ilitoka kwanza. Jioni moja niliketi kuingoja, na haikuja. Nikangoja tena kesho yake. Nilikosa hata kufurahi, nikawa kama mtu amezoea mgeni mbaya. Jasho likaisha, shuka ikakauka, kamba ya katani ikarudi kufunga mbuzi. Lakini nyonga ilikataa kuharakishwa.

Na Kogo? Kogo alijua hiyo chumvi tangu mwanzo. Maziwa yaliyochemshwa yana harufu, na yeye ana pua. Aliacha kumsalimia mama mpaka tukavuna. Wanapitana kwa mlango mmoja kama magari mawili kwa daraja. Hiyo ilinikaa vibaya kuliko nyonga. Lakini ng'ombe akaendelea kutoa maziwa, asubuhi na jioni, hata akaongeza. Siku moja Kogo akasema, kwa ukuta tu, "Haijakauka kwa sababu nimeiombea." Wiki hiyo hiyo akaniletea kibuyu kidogo, akakiweka miguuni pangu. "Hii nimepiga moto. Inaonja kama maji ya kuosha dirisha. Kunywa na usiniulize." Nikanywa. Haikuwa maji ya dirisha, ilikuwa mursik. Akampa mama kibuyu akaoshe, na mama akakipokea na mikono miwili.

Wakati huo mpwa wa mwenyekiti alikuwa anapanda pikipiki kila siku. Momanyi alikubali ambebe mara moja, akarudi na matope kwa masikio. Akaja kwetu akakaa.

"Huyo anashika breki kama anakamata kuku," akasema. "Wewe mguu iko?"

"Iko nusu."

"Nusu niletee tuone."

Alisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, nje ya ofisi ya sosaiti, akaniweka juu. Mguu ulikuwa unafika kwa breki, unakanyaga, lakini ukikaa hapo sana unaanza kutetemeka na kuteleza. Kuinua juu na kupiga kiki ya kuwasha injini haikuwezekana kabisa, nyonga ilinipa jibu mpaka kwa meno.

"Sasa tufundishe hii pikipiki nyonga yako," Momanyi akasema.

Akanifundisha upya. Mtu mzima anaweza kuchelewa na mguu ukamwokoa. Wewe huna huo mguu, kwa hivyo usichelewe. Funga mafuta mapema, kabla hujaona sababu. Shuka gia, achia klachi pole pole, injini ishike tairi yenyewe. Maliza kupunguza kabla ya kona, wakati pikipiki imesimama wima. Mguu uguse tu, kama kugusa maji kujua kama ni moto. Vidole viwili mbele, kufinya, sio kunyakua. Nilikuwa nafanya polepole mpaka ng'ombe wananipita.

Mvua ya vuli ikaanza kunukia. Mwenyekiti akasema basi tuone, na akachagua mlima wa kutoka mtoni, ule mrefu, siku ambayo kulikuwa kumenyesha. Momanyi akakaa nyuma yangu na mtungi nyuma yake. Mwenyekiti na mpwa wake walikuwa wamesimama katikati ya mlima chini ya mwavuli mmoja. Nilipowafikia, mwenyekiti akainua mkono. Simama hapa.

Kusimama nilisimama. Kuondoka ndio ilikuwa mtihani, na alijua. Kwa mlima, mtu huweka mguu wa kushoto chini na wa kulia unashika breki ya nyuma mpaka klachi ikamate. Wangu ulishika, ukaanza kutetemeka. Nikasikia tumeanza kurudi nyuma kidogo, na Momanyi anapumua kwa shingo yangu.

Nikaacha huo mguu. Nikauweka chini kando ya mwenzake, miguu miwili kwa matope. Vidole viwili kwa breki ya mbele, na kwa kiganja hicho hicho nikazungusha mafuta kidogo. Klachi nikaachilia mpaka injini ikabadilisha sauti na pikipiki ikainama mbele kama ng'ombe anataka kuinuka. Nikangoja hapo. Halafu vidole vikaachilia. Tukaondoka, hata mtungi haukulia.

Juu, injini ikazimika nikiwa nageuza. Mpwa akacheka. "Piga kiki basi."

Singeweza, na kila mtu aliona. Ndio Momanyi akashuka, macho yake na ukungu wake, akatafuta kiki na mguu, akapiga. Ikawaka.

"Mwenyekiti," akasema, "kiki hata mimi napiga. Mahali pa kusimama ndio sioni tena. Mimi nimechagua." Akaniambia mimi pole pole, "Na mahali tunaenda, omba. Hakuna mtu atakataa kupigia daktari ya ng'ombe yake kiki."

Jumatatu tukaanza.

Boma la kwanza lilikuwa ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja na ng'ombe wake mwekundu. Momanyi akamaliza kazi, tukaitwa ndani. Mama akashika kibuyu, akakitikisa, akanimiminia kikombe mpaka juu.

"Nitachukua chai, mama."

Mkono wake ukasimama. "Kwani yangu iko na nini?"

Momanyi akaanza kuangalia paa. Nikamwambia maziwa yake hayana neno, ni mimi nilikuwa mgonjwa. Nikamweleza: homa ya jioni, jasho la asubuhi, nyonga, mguu uliokataa. Sikuongeza chumvi. Yule mama akaweka kibuyu chini, akakaa.

"Hiyo homa. Asubuhi inaenda kabisa, mpaka unasema ni uongo?"

"Mpaka unaitwa mvivu."

Akageuka kwa chumba cha ndani. "Chelagat. Toka."

Akatoka msichana wa umri wangu hivi, sweta mbili na jua liko nje, ameshika ukuta. Alikuwa anatembea na mguu mmoja na nusu. Sikuhitaji kuuliza.

Momanyi akasema yeye bado anakunywa chai, na chai yake ni moto sana, hatamaliza kabla nimfikishe msichana kituo cha afya na nirudi. Tukafungua mtungi kutoka kwa pikipiki ubaki naye. Chelagat akapanda upande upande, akinishika koti. Nikamwomba mama kiki. Akafunga leso kiunoni, akainua gambuti, akapiga mara moja, mara ya pili ikawaka, na akaonekana amefurahi kidogo.

Barabara ya kuenda kituo cha afya ni mteremko wote mpaka darajani. Kila shimo mbele alikuwa ananifinya koti kabla hatujalifikia. Nilifunga mafuta mapema. Niligusa. Kwa kona ya tatu nikasikia koti imeachiliwa.

"Umezima?" akauliza.

"Hapana. Iko gia ya pili."

Akauliza tena, "Hiyo dawa ni sindano?"

"Ni sindano."

"Mingi?"

"Nitakuambia tukifika chini."

Tukaona daraja. Halafu akasema, "Basi usiharakishe."

Sikuharakisha.